Cha Kuazima

Sufuria la makande la watoto mia nne
halidondoki. Linaamua.
Jumanne, saa kumi na moja alfajiri,
jikoni kwa shule, Kibosho,
figa moja liliteleza
na mkono wangu wa kulia ukatangulia kuzuia
kabla akili haijaulizwa.

Sitaeleza maumivu. Aliyeungua anajua,
asiyeungua atasema pole, na inatosha.

Wodini, Moshi mjini, Nesi Nakijwa
alinihesabia siku kwa bandeji.
Kila akibadilisha, kangozi kalikoanza kuota
kalibanduka na kitambaa,
kama ukoko na mwiko.
Nilijifunza kumchukia kwa majina yake yote matatu.

Ndipo akaja Mringi wa maabara,
kijana mwembamba, koti jeupe limemzidi mabega,
na kisahani. Ndani ya kisahani, hakuna kitu.
"Angalia vizuri, mama."
Nikakiinamisha kwenye mwanga:
utando,
kama ule wa maziwa yaliyosahauliwa yakapoa,
ule ambao marehemu mume wangu aliuopoa kwa kidole
akaubandika ukingoni mwa kikombe.

"Ni protini," akasema.
Nikamwambia, protini naijua,
iko kwenye maharage, ndiyo iliyonichoma.
Alicheka mpaka akatua kisahani mezani.

Hii ni ya mdudu, akasema.
Kiwavi, mla majani ya mforosadi.
Akishiba hujifungia,
hujizungushia uzi mmoja, siku tatu, bila kuukata,
mpaka awe ndani ya chumba kisicho na mlango.
Nanyi mnakifanyaje hicho chumba?
Akatazama viatu vyake.
Tunachemsha.
Na yeye yumo?
Yumo.
Mnatia nini?
Magadi, ili gundi ya uzi itoke.

Magadi!
Miaka kumi na tisa natia magadi
ili maharage yakubali.
Nikamwuliza kiasi gani, moto upi, dakika ngapi,
na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile
nilikuwa mpishi, si kidonda.

Wakauweka.
Ulitulia kama pumzi kwenye kioo.
Chini yake, alisema Mringi, mwili wako unapanda
kama mafundi juu ya mirunda,
mkono kwa mkono, tofali kwa tofali,
na ukuta ukisimama
mirunda yenyewe inayeyuka ukutani.
Hakuna anayekuja kubomoa.
Nesi Nakijwa alipofika na mkasi wake
hakukuwa na cha kubandua.

Usiku, dirishani Mlima umejifunika,
nami sikuwa na haja nao.
Nilimfikiria yule kiwavi.
Alijenga ili atoke na mabawa.
Yeye kachemshwa, mimi nimechemka,
na baada ya vyungu viwili
tumekutana kwenye kiganja kimoja.
Sijui shukrani ya mdudu hupelekwa wapi.

Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri matako.
Haya. Mimi niliazima kwa ajili ya mkono.

Si pote paliposhika. Karibu na kiwiko
utando ulikataa, wakanichuna paja wakaziba.
Kidole gumba hakikunji kama zamani.
Lakini kiganja!
Kiganja kimerudi na rangi ya ndani ya pera,
laini mno, hakijawahi kushika kuni,
kiganja cha mtu asiyenijua.

Nimerudi jikoni. Mafiga sasa ni ya chuma.
Magadi nachota kwa kushoto,
maana wa kulia bado unashtuka ukiona mvuke,
namwaga, natazama povu likipanda,
na kila siku nasimama hapo kidogo
kuliko inavyohitajika, kisha kidogo tena.

Leo mtoto wa darasa la pili ameuliza,
mama, mkono wako umekuwaje?
Umevaa hariri, nikamwambia.
Hakuamini.
Akanyoosha sahani.